Sura ya Sita: Muhogo, Samaki na Moto wa Mwilini

Katika mwambao wa Palma, tangu Kionga iliyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma upande wa kaskazini hata Olumbi upande wa kusini, chakula cha watu kwa vizazi vingi kimekuwa ni muhogo utokao shambani na samaki atokaye baharini. Na mpitaji aonaye makopa yameanikwa juu ya majamvi katika ua mmoja, na dagaa wameanikwa katika ua wa pili, huenda akadhani kwamba viwili hivi hukutana sahanini kwa ajili ya ladha tu, au kwa kuwa bahari iko karibu. Nia ya sura hii ni kuonyesha kwamba makutano hayo yana hikima kubwa zaidi, kwa kuwa ndani ya mwili wa mlaji kitoweo hiki huzuia madhara ya chakula kile, na kwamba atakayefahamu sababu yake atakuwa amefahamu pia sehemu kubwa ya elimu ya namna viumbe vyenye uhai vinavyopata nishati, vinavyoitumia, na vinavyoitawala.

Kila kitendo cha kiumbe chenye uhai chahitaji nishati. Si mpiga kasia wala mlimaji peke yake aitumiaye: hata aliyelala usingizi mzito anaitumia, kwa kuwa moyo wake wapiga, kifua chake chapanda na kushuka, ini lake lafanya kazi, na ubongo wake, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, wachukua peke yake kama sehemu 20 katika 100 za nishati yote itumikayo mtu akiwa amepumzika. Nishati hiyo haizuki mwilini kutoka pasipo kitu. Asili yake ni jua. Jani la muhogo hupokea mwanga, likavuta hewa ya kaboni kutoka angani na maji kutoka udongoni, likavifunga pamoja kuwa sukari, na sukari hiyo hushuka mizizini ikawa wanga. Hata gesi iliyogunduliwa mwaka 2010 chini ya bahari inayoelekeana na Palma, ambayo kwa ajili yake mitambo imepangwa kusimamishwa huko Afungi, chimbuko lake ni mabaki ya viumbe wa zama za kale waliostawi kwa jua lili hili. Kulifungua lile ambalo jani lilifunga, kwa msaada wa oksijeni, na kuirudisha hewa ya kaboni angani, ndiyo njia ya kuipata nishati hiyo tena, iwe ni ndani ya tanuri au ndani ya mwili wa mvuvi.

Aliyeuthibitisha ulinganifu huo kwa vipimo alikuwa Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye katika majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783, akishirikiana na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace, alimweka mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, akapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama yule, kisha akalinganisha joto hilo na lile la makaa yaliyotoa kiasi kile kile cha hewa ya kaboni. Hesabu zilikaribiana, naye akahukumu kwamba kuvuta pumzi ni kuungua, ijapokuwa ni kuungua kwa polepole mno.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, walakini iliacha swali zito nyuma yake. Moto wa makaa hutoa nishati yake kwa ghafula na kwa ukali usiovumilika na nyama ya mwili, ilhali mwili wa mtu hukaa katika nyuzi 37, hauzidi wala haupungui ila kidogo. Je, wanga huunguaje humo bila mwali? Jawabu lilichukua zaidi ya miaka 150 kukamilika, nalo kwa mukhtasari ni hili: chembe hai haichomi sukari kwa mkupuo mmoja, bali huifungua kwa hatua nyingi ndogo ndogo, kila hatua ikisimamiwa na kimeng'enya chake, na kila hatua ikitoa sehemu ndogo ya nishati iwezayo kukamatwa na kutiwa kazini kabla haijapotea kuwa joto tupu.

Hatua za mwanzo huikata sukari hiyo, iitwayo glukosi, vipande viwili. Hatua zifuatazo, ambazo Hans Krebs alizieleza mwaka 1937 alipokuwa Sheffield nchini Uingereza kwamba zaenda kwa mzunguko, kila mwisho ukiwa ndio mwanzo wa duru nyingine, huvimaliza vipande hivyo na kuzivua elektroni zilizomo. Elektroni hizo hukabidhiwa msafara wa protini zilizopandwa katika utando wa ndani wa mitokondria, vijumba vidogo sana vilivyomo kwa mamia na maelfu ndani ya chembe zifanyazo kazi nyingi. Na kila zinaposhuka kutoka protini hii hata ile, nishati yake husukuma chembe za haidrojeni kuvuka utando, zikajaa upande mmoja kama maji ya bamvua yaliyozuiwa nyuma ya ukuta, zisiwe na njia ya kurudi ila kupitia mlango wa protini ambao, kwa nguvu ya marejeo hayo, huzunguka na kuunda molekuli iitwayo ATP. Nadharia hii aliitangaza Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuwa tayari kuipokea, na mwaka 1978 akapewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel.

ATP ndiyo itumiwayo moja kwa moja na msuli ujikunjao, na neva ipelekayo habari, na ini liundalo na kuvunja. Ajabu yake ni kwamba mwili hauiwekei akiba: iliyomo ndani ya mtu kwa wakati mmoja haizidi robo ya kilo, lakini kwa kuvunjwa na kuundwa upya pasipo kukoma, jumla ya iundwayo kwa siku moja hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Kwa sababu hiyo uhai hauwezi kuingoja. Msafara ule wa elektroni ukizuiwa kwa dakika chache tu, viungo vyenye haja kubwa ya nishati, na cha kwanza kati yavyo ni ubongo, huanza kuharibika.

Mwishoni mwa msafara huo pana kimeng'enya kimoja ambacho namwomba msomaji akishike jina lake, saitokromu oksidesi, maana mambo yote yatakayofuata yanakigusa. Hicho ndicho kizikabidhicho elektroni kwa oksijeni, yakapatikana maji, na sehemu kubwa kabisa ya oksijeni tuivutayo huishia hapo. David Keilin alizieleza saitokromu mwaka 1925, na Mjerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa uchunguzi wake wa kimeng'enya hiki cha upumuaji, alionyesha kwamba kazi yake yategemea chuma kilichomo ndani yake, na kwamba sianidi, hata ikiwa kidogo, hukishika chuma hicho na kukizuia. Aliyesumiwa kwa sianidi hufa kwa kukosa pumzi ilhali damu yake imejaa oksijeni, hata ile damu irudiyo moyoni hubaki nyekundu, kwa kuwa chembe hazikuweza kuchukua kitu kutoka kwake.

Walakini kuipata nishati ni nusu ya habari tu, na nusu ya pili ni kuitawala, yaani kuhakikisha kwamba moto huo hauzimiki wakati wa dhiki wala haupotezi kuni wakati wa neema. Ushahidi ulio karibu na watu wa pwani ni saumu ya Ramadhani. Baada ya futari, sukari huongezeka katika damu, na kongosho hutoa insulini, homoni ambayo Frederick Banting na Charles Best waliipata katika majaribio yao ya Toronto mwaka 1921. Kwa amri yake misuli na mafuta hufungua njia za kuipokea sukari, na ini hukusanya kama gramu 100 za akiba iitwayo glikojeni, na ziada yake hugeuzwa kuwa mafuta. Mchana unapopanda na tumbo likawa tupu, hali hugeuka. Sukari iliyomo katika damu yote ya mtu ni kama gramu 5 tu, nayo ingekwisha upesi lau isingeongezwa. Kwa hiyo insulini hupungua, homoni ya pili iitwayo glukagoni hupanda, ini hufungua ghala lake na kuipeleka sukari kwa ubongo, ilhali misuli huachiwa nishati ya mafuta, ili kila kiungo kipewe kile kisichoweza kukikosa. Mfungaji aliyeketi barazani wakati wa alasiri hahisi lolote katika hayo ila njaa na kiu, wala hakuamuru lolote. Na jua lichwapo, mwili wake umetimiza siku nzima ya hesabu ngumu pasi na kosa.

Juu ya marekebisho hayo ya saa kwa saa imewekwa pia tezi ya shingoni, ambayo kwa homoni yake yenye iodini hupanga kasi ya moto wote: ikizidi, mtu hukonda na moyo humwenda mbio, ikipungua, huona baridi na uzito, na mtoto hudumaa kwa kimo na kwa akili.

Lakini katika taratibu hizi zote pana jambo moja ambalo maumbile hayakuliwekea ghala. Sukari ina glikojeni yake, mafuta yana mahali pake chini ya ngozi na kandokando ya matumbo, bali protini haiwekwi akiba mahali popote ikingojea siku ya haja; kila protini iliyomo mwilini ina kazi yake, na ikikosekana katika chakula, mwili hulazimika kuivunja misuli yake wenyewe. Ndiyo maana mtu mzima mwenye siha aweza kufunga mchana kutwa kwa siku 29 au 30 pasi na madhara, naye huyo huyo aweza kudhurika kwa kushiba kila siku ugali wa muhogo mchungu usio na kitoweo. Shibe ya wanga si shibe ya protini, wala njaa ya protini haimlilii mtu tumboni.

Muhogo wenyewe, ambao Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ni mmea wenye silaha. Ndani ya chembe zake umo mchanganyiko wa sukari na sianidi uitwao linamarini, uliofungiwa katika vifuko, na katika kuta za chembe hizo hizo kimo kimeng'enya kiwezacho kuuvunja. Maadamu mzizi ni mzima, viwili hivyo havionani. Mnyama akiutafuna, au mchi ukiuponda, kuta hupasuka, kimeng'enya huifikia linamarini, na sianidi hutoka. Muhogo mtamu una kidogo, mchungu una nyingi, na mwaka wa ukame huongeza kiasi hicho katika aina zote mbili. Mkulima aupandaye mchungu hafanyi hivyo kwa ujinga: nguruwe mwitu na nyani hawaupendi, mwizi hawezi kuung'oa akautia chunguni papo hapo, nao hukaa ardhini kwa miezi mingi ukingoja, jambo lenye thamani isiyo kifani katika nchi ipitayo ukame na vita.

Sianidi iliyobaki katika ugali ikiingia mwilini hukielekea kile kimeng'enya cha mwisho cha msafara. Mlaji huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika saa chache baada ya chakula. Na ikizidi sana, hufa. Hata hivyo mwili haukuachwa bila kinga. Katika ini na viungo vingine kimo kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huifunga sianidi pamoja na salfa, ikawa thiosayaneti, kitu kisicho na sumu kali, kikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo haitoki hewani wala katika wanga. Hutoka katika asidi amino mbili, methionini na sisteini, ambazo muhogo una kidogo mno na samaki anazo kwa wingi. Kipande cha changu au kiganja cha dagaa pembeni mwa ugali huleta basi salfa ambayo kwayo ini hujitetea. Na kwa kuwa thiosayaneti, kabla haijatoka, huizuia iodini isiingie katika tezi ya shingo, samaki wa baharini, mwenye iodini, hulifidia hilo nalo. Watu wa bara walao muhogo mwingi pasipo iodini wameota rovu kwa sababu hiyo. Hawa wa pwani, bahari yao imewakinga.

Matokeo ya kukosekana kwa kinga hiyo yalionekana nchini Msumbiji mwaka 1981. Ukame ulikuwa umekausha mashamba ya mkoa wa Nampula, ulio kusini mwa Cabo Delgado, na zao pekee lililosalimika lilikuwa muhogo mchungu. Ghafula wanawake na watoto, ambao jana yake walikuwa wakitembea, waliamka miguu yao imekakamaa. Wengine wakawa wa kuegemea fimbo, wengine wa kutambaa. Waliopatwa walizidi 1,000, na wenyeji waliyaita maradhi hayo mantakassa. Wizara ya Afya ya Msumbiji, pamoja na madaktari kama Julie Cliff kutoka Australia na Hans Rosling kutoka Sweden, aliyekuwa mganga wa wilaya ya Nacala, ilichunguza ikakuta jambo lile lile kila mahali: thiosayaneti imejaa katika damu, salfa ya chakula imepungua. Ni maradhi yale yale ambayo daktari Giovanni Trolli aliyaeleza huko Kongo mwaka 1938, na ambayo leo hujulikana kwa jina la konzo. Huharibu neva ziamurishazo miguu, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Hayaenei zaidi, hayaambukizi, wala hayaponi.

Kabla sababu haijajulikana, ilihofiwa kwamba ni maradhi ya kuambukiza, na hofu hiyo ilileta msiba wake. Rosling, katika kitabu chake Factfulness kilichotoka mwaka 2018 baada ya kufa kwake, amesimulia kwamba mkuu wa mji wa Nacala alimwuliza kama askari wayazuie mabasi yatokayo kaskazini, naye akamjibu kwamba ni wazo jema, kwani lazima afanye jambo. Kulipopambazuka, akina mama waliozoea kupeleka bidhaa zao sokoni walikuta hakuna basi. Wakawaomba wavuvi wawapeleke kwa njia ya bahari, vyombo vikapinduka, na akina mama, watoto na wavuvi wakafa maji. Wale hawakuuawa na muhogo. Waliuawa na uamuzi uliotangulia maarifa, na Rosling aliubeba msiba huo moyoni kwa miaka mingi kabla ya kuuandika.

Atazamaye historia ya konzo huona kwamba sumu ya muhogo haikubadilika, bali kilichobadilika kila mara ni muda na kitoweo. Katika eneo la Bandundu nchini Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofungua soko la muhogo katika miaka ya 1970, uloweshaji wa siku tatu ulifupishwa ukawa wa siku moja, ili mizigo iwahi magari, na miguu ya watoto ikakakamaa. Huko Tarime, Tanzania, mwaka 1985, njaa ndiyo iliyoharakisha. Huko Nampula, mwaka 1992 na 1993, ilikuwa vita. Mwanzoni mwa karne hii maradhi yalionekana mkoani Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, kwa watu ambao lugha zao na mapishi yao ni ya ndugu za watu wa Cabo Delgado.

Kwa nini muda uwe dawa? Kwa sababu kimeng'enya cha muhogo chahitaji maji na saa ili kuivunja linamarini, na sianidi ikishafunguliwa huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, ambazo ni joto la siku ya kawaida ya Palma, ikaruka na upepo. Muhogo uliomenywa, ukaloweshwa kwa siku tatu, ndipo ukaanikwa, huwa umebakiwa na sumu kidogo sana. Uliokatwa ukakaushwa juani upesi hukauka kabla kazi haijakwisha, na linamarini yake hubaki unga ukiwa mweupe na mzuri wa kutazama. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yameweka kiasi cha miligramu 10 za sianidi katika kilo ya unga kuwa mpaka wa salama, na unga wa mwaka wa njaa huuvuka mpaka huo mara nyingi. Hata hapo ipo njia. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba unga ukichanganywa na maji ukawa rojo zito, ukatandazwa mwembamba juu ya jamvi kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kimeng'enya kilichomo bado huamka, na sianidi yake hupungua mara 3 hata 6. Kisha husongwa siku ile ile. Akina mama wa kusini mwa Tanzania wamefundishwa njia hiyo, nayo haitaki mashine wala fedha.

Hapo ndipo inapotupasa kuitazama Palma ya leo. Tarehe 24 Machi 2021 mji huu ulishambuliwa, na watu kwa makumi ya maelfu wakakimbia, wengine kwa vyombo hadi Pemba, wengine kwa miguu kupitia mwituni kuelekea Nangade na Mueda, wengine wakavuka Ruvuma. Mkimbizi hupoteza nyumba na jamaa. Pamoja na hayo hupoteza bahari iliyompa salfa na iodini, na hupoteza zile siku tatu tulivu ambazo muhogo huzihitaji, kwa kuwa aliye safarini hula alichokipata jioni ile ile. Wapangao misaada, wakihesabu magunia ya wanga peke yake, huwa wamehesabu kuni za moto wakaisahau kinga yake. Dagaa wakavu, kunde na chumvi yenye madini joto ni sehemu ya chakula, si anasa ya kuongezwa pakiwa na nafasi.

Elimu ya viumbe hutufundisha kwamba umetaboli, yaani mwendo wote wa kuvunja na kujenga, huongozwa na vimeng'enya na homoni ndani ya mwili. Muhogo watufundisha zaidi: hatua ya kwanza ya mwendo huo hufanyika uani, mikononi mwa mwanamke amenyaye, alowekaye na aanikaye, na hatua hiyo ikikatizwa, zile nyingine zote, pamoja na uhodari wao, haziwezi kuirekebisha. Basi ye yote atakaye kuilinda miguu ya watoto wa Palma, na ailinde njia ya mvuvi kwenda baharini, na azilinde siku tatu za mama za kuloweka muhogo wake.